Maneno Ambayo Sikumwandikia Suzan

Vijana wanaokuja kunijulia hali hutaka nianze na mapambano. Mimi huanza na magodoro. Kipindi chetu cha wanawake tulikirekodia kwenye stoo ya kituo cha redio, na ili sauti isigonge kuta na kurudi, tulisimamisha magodoro ya sponji pande zote. Mengine tuliyaazima kwa jirani, na kila alipopata wageni alikuja kuyachukua, hata kama tuko katikati ya tukio la kilio. Feni tuliizima kwa sababu inavuma, jenereta tuliizima kwa sababu inanguruma, tukarekodi kwa betri huku tukiyeyuka kwa jasho. Hivyo ndivyo nilivyotetea haki za mwanamke wa Juba kwa miaka mingi, nikiwa nimebanwa kati ya matandiko ya watu.

Nimekulia Nakuru. Wazazi wangu walikimbilia Kenya nikiwa mgongoni, nikasoma huko, na nilirudi nyumbani Juba nikiwa na diploma ya uandishi wa habari, viatu vya visigino na majibu ya kila swali. Viatu viliishia kwenye matope ya mtaa wa Sherikat mvua ya kwanza iliponyesha. Majibu yalidumu zaidi, na ndiyo yaliyonitia aibu mara nyingi. Kiarabu changu cha Juba kilitosha kununua nyanya tu, na bado nilitaka kuwafundisha wanawake wa sokoni namna ya kuzungumza. Walinisikiliza kwa adabu, halafu wakaniuzia nyanya zilizolainika.

Kazi yangu ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja nilitunga mchezo wa redio kuhusu uzazi: nani anaamua mwanamke azae lini, apumzike lini, na aulizwe nani anapolala kitandani hospitalini. Upande wa pili nilizunguka kwenye magazeti na vituo vya redio nikiwaomba wahariri wamwonyeshe mwanamke kama mtu mzima mwenye akili zake. Upande huu wa pili niliupenda sana, kwa sababu ulinipa nafasi ya kugombeza watu wenye ofisi.

Siku moja nilimvamia mhariri wa gazeti fulani. Gazeti lake, habari iwe ya benki, ya daraja au ya mpira, picha ilikuwa ile ile: mwanamke na jerikeni kichwani. Nilimsomesha mpaka koo likakauka. Yeye alinimiminia chai, akafungua droo, akatoa ripoti ya mwaka ya chama chetu wenyewe cha kutetea wanawake na kuiweka mbele yangu. Jaladani mama analia. Ndani mama mwingine analia, wa tatu ameshika tama, na mtoto naye analia ili picha zilingane. Mtu mmoja tu alikuwa anacheka katika ripoti nzima, na huyo alikuwa mimi, nikikata keki. Nilimaliza chai, nikamshukuru, nikaondoka.

Kutokana na chai hiyo nilijifunza mambo ambayo ninawaachia nyinyi. Mpigeni mtu picha akiwa kazini kwake. Mwulizeni jina lake kabla hamjamwuliza la mumewe. Ketini chini kama yeye amekaa chini, maana kipaza sauti kikitoka juu mtu hujibu kama yuko polisi. Na mtu aliyepoteza kitu msimwulize anajisikiaje. Anajisikia vibaya, na mmeshajua hivyo kabla ya kubisha hodi.

Kuna pia ile warsha ya hotelini kuhusu mwanamke na maamuzi ya uzazi. Niliiandaa mimi, kwa mbwembwe zote, bango kubwa na maua ya plastiki. Asubuhi ile mpishi wa hoteli hakutokea, nami nikaingiwa na hofu kwamba wageni watashinda njaa. Nikawatuma jikoni wanawake niliowaalika kuzungumza, kwa muda mfupi tu, wakaangalie wali. Wakati wali unaiva walizungumza daktari, mchungaji na ofisa mmoja wa serikali, wote wanaume, na walizungumza vizuri kabisa kuhusu umuhimu wa kumpa mwanamke nafasi ya kuzungumza. Wasemaji wangu walirudi ukumbini wamebeba sinia. Mpiga picha wa gazeti la yule mhariri alikuwa amesimama mlangoni tayari.

Basi mnaelewa mtu mnayeongea naye. Sasa niwaeleze habari za Suzan, ambazo ndizo zilizonifanya nikaandika haya.

Suzan alikuwa na kibanda cha vitenge kule Sherikat, karibu na barabara ya kuelekea darajani. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anamkatalia utingo wa lori aliyetaka kuegesha mbele ya kibanda chake, na sauti yake ilipita juu ya injini bila yeye kupiga kelele. Alisomea Kitale, kwa hiyo Kiswahili tulielewana. Mumewe, Wani, alipakua mizigo ya meli kwenye bandari ya mtoni. Nilimwomba Suzan aje aigize katika mchezo wetu, akauliza kama kuna kulia sana. Nikamwambia kiasi. Akasema kiasi anaweza.

Nilimpa nafasi ya Keji, mke wa nyumba kubwa yenye wazee wengi, ambaye amezaa mfululizo na sasa anaweka kijiti cha uzazi wa mpango mkononi ili apumzike kuzaa. Ukoo wa mumewe unagundua, unaitisha kikao, unataka arudishwe kwao. Nilimfundisha Suzan kila nilichojua: karatasi ishikwe kwa pembeni isichakarishe, mdomo uwe umbali wa kiganja kutoka kwenye kipaza sauti, na ukilia geuza uso kidogo, la sivyo msikilizaji atadhani redio imeharibika. Nilikuwa naandika kwa Kiswahili, waigizaji wanageuza kwa Kiarabu cha Juba papo hapo. Mimi nilikaa pembeni nikitikisa kichwa kama mtu anayeelewa kila neno.

Siku ya kurekodi kikao cha ukoo, nilikuwa nimemwandikia Keji sentensi niliyoipenda sana. Ilisema: "Kila mwanamke ana haki ya msingi ya kufanya maamuzi huru na yenye taarifa kamili kuhusu afya yake ya uzazi." Niliisoma kwa sauti nyumbani mara kadhaa nikajipongeza. Suzan aliiangalia, akaiweka karatasi juu ya godoro, akasogea kwenye kipaza sauti, akasema maneno mengine. Hata mimi na Kiarabu changu cha nyanya niliyaelewa. Alisema:

"Nimezaa wanne. Kwa yule wa tatu nilikufa kidogo, nikarudishwa. Sasa mwili huu unapumzika, na aliyeuambia upumzike ni mimi. Mkitaka kunifukuza nifukuzeni, lakini msiseme sikuwapa watoto."

Fundi wetu wa mitambo, Atieno, binti wa Kisumu ambaye hakuwahi kuniogopa hata siku moja, alivua spika za masikioni.

"Aki madam," akaniambia, "huyo haigizi."

"Wewe angalia mashine," nikamjibu. "Huo ndio uigizaji. Nimemfundisha mimi."

Nililala nikiwa na furaha ya mwalimu. Kipindi kilirushwa Alhamisi.

Nyinyi mnarekodi kwa simu chini ya blanketi, mnatuma, na kabla hamjalifunua mtu wa mbali ameshawatukana kwa maandishi. Matusi yenu huja haraka. Yetu yalichukua usiku mmoja, lakini yalikuja na miguu na yalijua nyumba unayokaa. Juba watu huijua sauti kama wanavyoijua sura. Wasikilizaji hawakusema Keji ameweka kijiti. Walisema mke wa Wani, yule wa vitenge, ameweka kijiti na ametangaza kwenye redio. Bandarini wapakuzi wenzake walianza kumwita Wani mume wa Keji. Wakipita na gunia la unga walimwuliza kama na yeye amepewa ruhusa ya kupumzika.

Baba mkubwa wa Wani, Mzee Loro, ndiye aliyebaki kichwa cha ukoo baada ya baba yake Wani kufariki. Aliitisha kikao Jumapili baada ya kanisa. Niwaeleze waziwazi kilichokuwa mezani, kwa sababu baadhi yenu mmelelewa mbali kama mimi. Mahari ya Suzan ilikuwa imelipwa yote. Kwa desturi, mahari ikishalipwa watoto ni wa ukoo wa baba. Kama kikao kingeamua Suzan arudishwe kwao, angetoka na nguo zake, na watoto wote wanne wangebaki, mpaka yule wa mwisho ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika ukuta.

Wani alinijia kituoni siku ya Ijumaa, bado ana vumbi la unga kwenye nyusi.

"Madam, mimi nakuomba," alisema. "Wewe nakuja tu Jumapili, unaambia wazee ni mchezo. Wewe uliandika, Suzan alisoma. Kalas, maneno imeisha."

Jamani, nilivyovimba! Hatimaye kuna mtu aliyenihitaji nikasimame mbele ya wazee. Nikamwambia awe na amani, kesho kutwa nitakuwepo, nitawaeleza wazee maana ya sanaa. Atieno alikuwa anafunga waya pembeni.

"Na Suzan mwenyewe amesemaje?" akauliza.

"Suzan ana mawazo mengi," nikasema. "Tusimsumbue."

Someni tena hapo, binti zangu. Mimi, niliyelipwa mshahara kwa kazi ya kusema kwamba mwanamke aulizwe, nilipanga na mumewe kitakachosemwa juu ya mwili wake, na nikaona kumwuliza ni usumbufu. Na sikuona kichekesho hicho mpaka Jumapili mchana.

Kikao kilikuwa mtaa wa Hai Mauna, kwenye uwanja wa nyumba ya Mzee Loro, chini ya turubai. Wazee walikaa kwenye viti vya plastiki. Suzan alikaa kwenye kigoda karibu na jiko, mtoto wa mwisho mapajani, amevaa kitenge chake kizuri kuliko vyote, kama mtu anayesafiri. Lugha yao ya nyumbani sikuijua, na Kiarabu changu Mzee Loro alikipima kwa salamu moja akakikataa. Akaamua kikao kiende kwa Kiswahili alichokiokota Uganda miaka ya ukimbizi, ili nisije nikasema sikuelewa.

"Sisi iko nasikia redio," alianza. "Mke ya hapa nyumbani iko natoa maneno ya ndani, nchi yote nasikia. Wewe ndiyo mkubwa ya hiyo kazi. Sema."

Nikasimama. Mkobani nilikuwa na mashine ya kurekodia, nikidhani huenda nitawachezea vipindi vingine wajue kwamba kila wiki kuna watu wanaozini, wanaoiba na wanaokufa, na Jumatatu waigizaji wako sokoni wazima. Nilizungumza kwa ufasaha wote wa Nakuru. Nikawaeleza kwamba mchezo ni mchezo. Kwamba Keji ni mtu wa kubuni. Kwamba Suzan ni mwigizaji hodari, anatamka tu anachoandikiwa, na mwandishi wa kila neno ni mimi hapa. Wani alikuwa anaitikia kwa kichwa. Wazee wawili watatu nao walianza kulegea, na nikaona kazi imekwisha.

"Wewe naandika kila neno?" Mzee Loro akauliza.

"Kila neno, mzee wangu."

"Ile alisema kwa kikao ya redio. Sema na sisi nasikia."

Nilifungua mdomo. Naapa nilitaka kuyasema maneno ya Suzan, lakini hayakuwa yangu, na mtu akibanwa hukimbilia kwake. Kilichotoka ni sentensi yangu kipenzi. Niliisema yote, taratibu, na haki ya msingi, na maamuzi huru, na taarifa kamili.

Mzee mmoja alikohoa. Mzee Loro alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniua zaidi.

"Hapana," akasema. "Hiyo mtu hawezi kusema kwa nyumba yake. Ile mimi nilisikia ilikuwa ya mtu."

Niliona kwamba nimemmaliza Suzan. Niliona wale watoto wanne wamebaki kwenye uwanja ule na mama yao yuko kwenye boda na mfuko wa nguo, na aliyempeleka huko ni mimi na kiherehere changu cha kusimama mbele ya watu. Nikaanza tena kusema, sijui hata nilitaka kusema nini, labda kwamba Suzan alisahau karatasi.

"Madam, kaa kwanza," Suzan akaniambia.

Nikakaa. Kiti cha plastiki kililia.

Suzan alimpa mtoto shangazi mmoja wa Wani aliyekuwa jikoni, akasimama pale pale alipokuwa. Hakusogea katikati. Alizungumza kwa sauti ile ile ya kumkatalia utingo, isiyopanda wala kushuka.

"Baba, madam hakuandika. Madam anataka kunisaidia, mumsamehe. Maneno yale niliyasema mimi, na si ya Keji. Kijiti kiko hapa." Aligusa mkono wake juu ya kiwiko kwa ndani. "Mnajua nilivyokuwa kwa mtoto wa tatu. Wewe mwenyewe, baba, ulikuja na mchungaji, kwa sababu mlijua mnakuja kuzika. Mimi sikupona ili nijaribiwe tena kama bado naweza kufa. Hawa wanne nataka kuwalea kwa mikono yangu. Nikitolewa hapa leo nitatolewa, lakini sitasema nilikuwa nacheza."

Machozi yalinijia, na nawaambia wazi kwamba sehemu yalikuwa ya fahari na sehemu ya aibu, na sikuweza kuyatenga. Miaka yote ile nilikuwa nafundisha wanawake kusema. Mwanamke alisema, halafu mimi nikavaa vizuri, nikapanda boda mpaka Mauna, kwenda kuthibitisha kwamba hakusema.

Na mashine ya kurekodia, kwa taarifa yenu, ilikuwa mkobani imezimwa. Mtangazaji wa miaka mingi nimeketi na betri nzima mapajani, na sikubonyeza kitu.

Mzee Loro alimgeukia Wani.

"Wewe ilikuwa najua?"

Wani aliangalia mikono yake. Nilimwona anatafuta ule mpango wetu wa Ijumaa apate pa kujishika, na haupo tena. Nilidhani atakana. Ningekuwa yeye, na zile kejeli zote za bandarini, nadhani ningekana.

"Mimi ndiyo nilipeleka yeye kliniki, baba," alisema mwishowe. "Na boda. Ile siku ya mtoto wa tatu mimi ndiyo nilimbeba mpaka hospitali. Damu ilijaa kwa viatu yangu. Hapo mlangoni wakaniuliza kama nakubali wampasue, na mimi nikawa nangoja kukuuliza wewe, na simu yako ilikuwa imezima. Nilingoja, baba. Yeye analala hapo chini, na mimi nangoja. Sitaki tena."

Mmoja wa wazee alianza kunong'ona kuhusu heshima ya ukoo na redio, lakini Mzee Loro alimzuia kwa kiganja bila kumwangalia. Alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa jinsi vidole vyake vilivyokuwa vinapapasa goti nilijua anaikumbuka hiyo simu. Mtoto aliyekuwa kwa shangazi akaanza kulia akimtaka mama yake, na Suzan hakumwendea. Alibaki amesimama, mikono imening'inia, anasubiri aambiwe kama mtoto bado ni wake.

Mzee Loro akanigeukia mimi. Aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza jambo lisilomhusu sana.

"Na hiyo Keji. Wazee ya kwake nafukuza yeye, ama anabaki na watoto?"

"Bado sijaandika, mzee wangu," nikasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilisema kweli.

"Anabaki," akasema Suzan.

Mzee Loro akageukia jikoni, akaagiza mtoto apewe mama yake na chai iletwe.